Kamba Ilipotulia

Ninalo daftari dogo lenye jalada la kijani, ambalo ndani yake niliandika siku kwa siku maendeleo yangu ya kujifunza kuogelea. Katika ukurasa wa wiki ya sita kuna sentensi moja niliyoipigia mstari kwa rula: "Kamba sasa imetulia, mwili umenyooka majini." Sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo ni kweli, kwa sababu ambayo sikuijua. Sehemu ya pili niliibuni kutokana na ile ya kwanza, kama mtu anayetafuta maelezo ya jambo badala ya kuinua macho na kulitazama. Nimekusudia mara nyingi kuifuta. Imenishinda, ndiyo maana ninaandika.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, wakati maduka ya Njombe yaliyozoea rafu tupu yalipoanza kujaa sabuni za rangi tatu na redio za betri. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, nikichunguza mimea midogo ya maji katika Ziwa Nyasa, ingawa nilizaliwa kwenye baridi ya nyanda za juu, mahali ambapo mtu huoga kwa beseni na kumshukuru Mungu akimaliza. Katika safari yangu ya kwanza ya kuchota sampuli nilianguka kutoka kwenye mtumbwi. Walinivuta kwa ukosi wa shati. Sikuumia, lakini tangu siku hiyo nilikuwa nikiamka asubuhi nimeshika ukosi wangu mwenyewe.

Muda mfupi baadaye idara yetu chuoni ilitoa barua: hakuna mwanafunzi atakayepanda chombo cha utafiti bila cheti kinachothibitisha kwamba ameogelea mita mia mbili bila kushika kitu. Barua iliwahusu wote, lakini kila mmoja alijua imeandikwa kwa sababu ya nani. Mtihani ungefanyika mwishoni mwa Novemba. Nikishindwa, nafasi yangu ingepewa mwingine, na masomo ambayo dada yangu aliacha shule ili niyafikie yangeishia hapo.

Hilo la dada nalisema bila kupamba. Wazazi wetu walipofariki yeye alikuwa kidato cha pili na mimi darasa la nne. Alikwenda Makambako, akaanza kuuza chai na maandazi karibu na stesheni, akanisomesha. Hakuwahi kunikumbusha. Aliniita "Dokta" tangu nikiwa na kaptula.

Katika bwawa la klabu moja Dar es Salaam mwalimu wa kuogelea alinitazama kwa siku tatu, kisha akatoa hukumu. Kila nilipoinua kichwa nipumue, miguu ilizama. Kila miguu ilipozama, nilihitaji kuinua kichwa zaidi. Alinishauri nitafute bomba la kupumulia lile linalopita katikati ya paji la uso na kufungwa kwa mkanda nyuma ya kichwa, si lile la pembeni la watalii. Ukilivaa, alisema, uso unabaki ndani ya maji muda wote, pumzi inakuja yenyewe, nawe unabaki na kazi ya kurekebisha nyonga, mabega na mikono. Aliniandikia mazoezi kwenye karatasi. Bomba lenyewe hakujua ningelipata wapi.

Nililipata Makambako, mwezi wa Agosti, nilipokuwa nikipita kwenda nyumbani. Jirani wa kibanda cha dada yangu pale stesheni alikuwa mzee mmoja mfanyabiashara wa mitumba, mtu wa Kilwa, aliyehamia bara na kushindwa kuzoea baridi, kwa hiyo alivaa makoti mawili kati ya yale aliyokuwa akiyauza. Kila robota la nguo alilofungua lilikuwa na kitu kisicho na mwenyewe: kiatu kimoja cha kutelezea barafuni, kofia ya mpanda farasi. Mwaka ule kilikuwa ni bomba, limening'inia kwenye msumari juu ya makoti, na mkanda wake wa mpira umefifia rangi.

"Shehe, hilo la kunyonyea dizeli bei gani?" aliuliza dereva mmoja wa lori aliyekuwa akinywa chai kwa dada.

"Hili si la dizeli. Ni la kupumulia mtu anayelala kifudifudi ndani ya maji."

"Anayelala kifudifudi ndani ya maji! Huyo si ameshakufa? Anapumua nini tena?"

Watu walicheka. Dada alicheka kuliko wote, mpaka kicheko kikageuka kikohozi, naye akashika ukingo wa meza na kugeukia ukutani. Niliona. Nilifikiri ni moshi wa kuni.

Nilimwamkia mzee na kumwomba anishushie lile bomba. Alipojua ninalitaka la nini, aliketi juu ya robota ili acheke vizuri.

"Mbena wa milimani anakwenda kuogelea! Maji mnayoyajua ninyi ni pombe ya ulanzi, mwanangu."

"Ulanzi hauzamishi, mzee wangu."

"Hauzamishi? Muulize mkeo ukimpata." Kisha akaacha mzaha. "Lichukue. Lakini nikwambie. Ukivaa hili utaona chini tu. Kwetu mtoto akijifunza, tunamfundisha kwanza kugeuza uso upande wa nchi kavu kila anapovuta pumzi. Hata akichoka anajua nyumbani ni wapi. Bomba hili litakufundisha yote, ila hilo."

Nilimshukuru. Usiku huo, kwa mwandiko mzuri, niliandika kwamba njia ya wenyeji wa pwani haina msingi wa kitaalamu, kwa kuwa kugeuza kichwa mapema huharibu mlingano wa mwili.

Nilimweleza dada kwamba nitafanya mazoezi katika bwawa lililo ndani ya mashamba ya miti ya miwati, nje kidogo ya Njombe, na kwamba naogopa kuwa peke yangu.

"Nitakuja nikushikie kamba," akasema.

"Na biashara?"

"Biashara ipo. Wewe Novemba yako haisubiri."

Siku mbili baadaye alikuwa amefunga kibanda. Lori la mbao lililokuwa likirudi tupu lilitubeba. Alipakia masufuria yake yote, jiko la mkaa, sanduku la nguo, na godoro lake lililokunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani. Mzee wa mitumba ndiye aliyelipandisha godoro, akalifunika kwa turubai mwenyewe, kisha akanishika mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya kuagana.

"Umtunze huyu," akasema.

Nilijibu kwamba yeye ndiye anayekuja kunitunza mimi, nikacheka. Hakucheka.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na mtu wa kwetu akifika hapa katika simulizi hii atakuwa ameshalielewa. Miaka ile kila mtu wa Njombe alijua maana ya kijana anayeshuka kwenye lori akitokea Makambako na godoro lake. Aliyekuja kusalimia alikuja na mfuko wa sukari. Aliyekuja na godoro alikuja kuugulia nyumbani. Watoto walijua, na waliacha kucheza mtu huyo alipopita. Jirani yetu, mama mmoja mwimbaji wa kwaya, alitoka kutupokea, akatusalimia kwa Kibena, "Kamwene," akalitazama godoro, akalipokea bila kuuliza kitu, na jioni akatuletea viazi na maziwa. Mimi niliyefundishwa kuangalia vitu vidogo kwa hadubini nililiona godoro lile nikafikiria kamba iliyolifunga. Nilikadiria urefu wake. Nilimuuliza dada kama tunaweza kuitumia.

Tuliitumia. Niliiunganisha na kamba mbili za ng'ombe, nikapata urefu wa kutosha. Bwawa lile lilichimbwa zamani kwa ajili ya kiwanda cha maganda ya miwati; upande mmoja lilikuwa na tuta refu lililonyooka, nami nilipima kwa hatua sehemu ya mita ishirini na tano kando yake, nikachomeka kijiti kila mwisho. Urefu huo mara nane ungekuwa mtihani wangu. Tulikwenda saa nne asubuhi, jua likishapunguza ukali wa baridi. Nilifunga kamba kiunoni. Dada alishika ncha ya pili, akatembea juu ya tuta sambamba nami, nikienda na nikirudi, kama mtu anayepeleka ng'ombe mnadani.

"Twende, Dokta! Usininywee bwawa lote, wengine wana mifugo!"

Tuliwekeana ishara. Akivuta mara moja, nisimame. Akivuta mara mbili, nitoke haraka.

Lazima nieleze jinsi bomba lile lilivyofanya kazi, kwa maana lilifanya kazi kweli. Kabla yake, kuogelea kwangu kulikuwa ni ugomvi wa kutafuta hewa. Nilipolivaa, ugomvi ulikwisha. Nililala juu ya maji, uso chini, na hewa ikapita kwenye bomba kwa sauti ya mtu mwingine aliyelala chumba cha pili. Kwa mara ya kwanza nilipata nafasi ya kufikiri ndani ya maji. Niliona kwamba mkono wangu wa kulia ulivuka mstari wa kichwa. Niliurekebisha. Niliona kwamba nilikunja magoti kupita kiasi. Niliyarekebisha. Nilijifunza kuzungusha mabega pamoja na nyonga huku kichwa kimetulia kama mtungi kichwani mwa mchotaji. Nilifika kijitini, nikageuka, nikarudi, bila kuinua uso hata mara moja. Masikio yalikuwa majini. Miwani yangu ya macho, ambayo bila hiyo simtambui mtu aliye hatua kumi, ilikuwa juu ya tuta ndani ya kiatu. Kwa muda wa nusu saa kila siku dunia yangu ilikuwa tope la chini, mikono yangu miwili na pumzi yangu mwenyewe.

Niliipenda hali hiyo. Tangu nivutwe kwa ukosi sikuwa nimewahi kutulia hivyo. Nililiambia daftari, sikumwambia dada.

Mwanzoni niliisikia kamba. Ilitetemeka kwa kila hatua yake, ikalegea aliposimama kukohoa, ikavutika alipoharakisha kunifikia. Niliandika: "Mvutano usio sawa, huenda ninayumba." Nilitumia jioni mbili kuchora michoro ya kuyumba kwangu. Katika wiki ya sita kutetemeka kulikoma. Kamba ilinifuata bila mshituko, ikivutika polepole nilipokaribia vijiti na kulegea nilipopita katikati. Niliruka kwa furaha nilipotoka majini. Dada alikuwa ameketi, kamba ikiwa mapajani.

"Umeona leo?"

"Nimeona."

"Umeona jinsi nilivyonyooka?"

"Kama barabara ya Makambako," akasema, akafumba macho.

Siku iyo hiyo nilipiga ule mstari kwa rula.

Mkanda wa bomba ulikatika siku ya nane baada ya hapo. Mpira wa mtumba haudanganyi umri wake. Nilikuwa katikati ya urefu wa tano. Bomba likapinda, maji yakaingia kinywani, nami nikafanya jambo ambalo kwa wiki nyingi sikuwa nimelifanya. Niligeuza uso upande wa tuta ili nivute hewa.

Hakuna aliyekuwa akitembea juu yake. Kamba ilitoka kiunoni mwangu, ikapanda tutani, ikaishia kwenye shina la mwati ulioota katikati, sawa kabisa na nusu ya njia yangu. Chini ya mti palikuwa na kitu cha rangi ya buluu. Sikukitambua. Nilijivuta kwa kamba ile ile mpaka kina kikanifika kifuani, nikapanda kwa magoti, na kile kitu cha buluu kikawa kanga ya dada yangu, naye ndani yake, amelala ubavu, magoti yamekunjwa, macho wazi.

Fundo la mtini lilikuwa lile la kufungia ndama, ambalo mama alitufundisha sote wawili. Lisingefunguka hata ningezama.

"Tangu lini, dada?"

"Jumatano ya wiki ile nyingine." Alisema taratibu, kama anayemjibu mteja. "Mti una nguvu kunizidi. Na hauendi kukohoa."

"Mbona hukuvuta kamba?"

"Ningevuta, si ungesimama?"

"Ndiyo maana ya kuvuta!"

"Basi. Ndiyo maana sikuvuta."

Nilianza kusema mambo mengi: kwamba twende hospitali, kwamba kuna daktari niliyesoma naye, kwamba mtihani unaweza kuahirishwa. Aliniacha niishiwe. Kisha akauliza, "Godoro uliliona?"

"Niliona."

"Ukafikiri nimekuja na godoro kwa ajili ya kukuona ukirusha miguu?"

Nilianza kufungua kamba kiunoni mwangu.

"Vaa miwani yako," akasema. "Hapo kwenye kiatu. Vaa, unitazame mara moja tuyamalize."

Nilivaa. Nilimtazama. Kanga aliyozoea kuifunga mara moja ilikuwa imemzunguka mara mbili na kubaki na pindo. Mifupa ya shingo ilishikilia kivuli. Mikononi, kwenye viganja vyote viwili, kamba ya katani ilikuwa imemchubua siku zile alipokuwa bado akiishika, na michubuko haikuwa imepona. Alikuwa ameipaka mafuta ya kupikia.

Hospitali tulikwenda. Walisema kifua, wakatupa dawa za kifua, na muuguzi akanipeleka kando akaniambia nimpe kila anachotamani kula. Jina la ugonjwa halikutajwa, na mimi sikuliuliza. Sitalitaja hapa pia. Si kwa aibu, bali kwa kuwa yeye mwenyewe hakulitaja, na sioni kama nina haki ya kumtangulia.

Nilitangaza kwamba sitaogelea tena. Alikasirika kiasi kwamba alisimama bila kushikwa.

"Nimeuza maandazi miaka kumi na minne ili ukae hapa uniangalie nikilala? Hata mimi sipendi kujiangalia nikilala. Nipakie kwenye baiskeli."

Nilimpakia. Kwa siku kumi na moja nilimkokota kwenye baiskeli ya baba, ameketi nyuma na blanketi, mkono mmoja kwenye bega langu, mpaka tutani. Nilitandika gunia chini ya mwati. Bomba sikulitengeneza.

"Yule mzee wako wa makoti alisemaje?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Nigeuze uso upande wa nchi kavu."

"Basi mimi hapa ndiyo nchi kavu. Niangalie huku."

Nikienda, tuta lilikuwa kushoto kwangu. Nikirudi, lilikuwa kulia. Kwa hiyo nilipumua kushoto nikienda na kulia nikirudi. Sikuwa na mpango wa ufundi. Kila nilipogeuza uso niliona kwa muda wa pumzi moja ukungu wa buluu chini ya mti, na hiyo ilitosha kunifikisha kwenye pumzi iliyofuata. Nilimeza maji mengi. Miguu ilizama tena, kisha ikaacha kuzama. Kichwa, kilichozoeshwa na bomba kutulia, kiligeuka sasa bila kuinuka. Siku ya tisa nilimaliza urefu wa nane. Niliposimama nilisikia akipiga makofi, makofi madogo yenye sauti hafifu, kwa sababu ya viganja vyake.

"Mia mbili?"

"Mia mbili, dada."

"Rudia kesho. Usije ukawa umebahatisha."

Nilirudia kesho yake, na siku iliyofuata. Asubuhi ya kumi na mbili hakuweza kuketi kwenye baiskeli. Alikaa kitandani wiki mbili, na mama yule wa kwaya alikuja kila jioni kumwimbia kwa sauti ya chini. Alifariki mchana, Jumapili, watu wakiwa kanisani, mimi nikiwa nimempa mgongo nikimpozea uji.

Mzee wa mitumba alikuja msibani kutoka Makambako na makoti yake mawili. Alisimama na wanaume wa Kilutheri kaburini, akashika koleo zamu yake ilipofika, akaomba dua yake kando kwa kunong'ona. Alipokuwa akiondoka nilitaka kumrudishia bomba. Alilitazama kana kwamba halijui, akanikunjia vidole juu yake.

Mtihani niliufanya Dar es Salaam, siku nane baada ya mazishi. Sikumbuki mengi. Maji yalikuwa ya moto na ya buluu, yananuka dawa. Upande mmoja wa bwawa kulikuwa na ukuta mfupi mweupe. Nikienda, niligeuza uso kushoto, kwenye ukuta. Nikirudi, niligeuza kulia, kwenye ukuta ule ule. Bila miwani yangu ukuta haukuwa na kitu. Niligeuza hata hivyo, kila pumzi, mpaka urefu wa nane.

Mtahini, mwanamume mwenye filimbi shingoni, aliinama ukingoni niliposhika ngazi.

"Unapumua pande zote mbili," akasema. "Wanafunzi niliowafundisha miaka mitatu hawawezi. Nani amekufundisha?"

"Dada yangu."

"Mwogeleaji?"

"Hapana. Hakuwahi kuingia majini."

Alidhani namtania. Alinipa fomu nijaze ningali nadondosha maji, na palikuwa na mstari wa jina la mkufunzi, na mwingine chini yake wa kazi yake. Niliandika jina lake kamili, pamoja na la baba na la babu. Katika mstari wa pili niliandika: muuza chai, Makambako. Mtahini alisoma, akaniangalia, akaweka sahihi.